Watu wa Alhamisi

Kaka yangu ni mchapaji, na mimi ndiye ninayekaa mbele. Maana yake ni kwamba yeye yuko chumba cha nyuma na mashine, wino umemfika mpaka kwenye nyusi, na mimi niko kaunta na daftari la oda, kisu cha kukatia karatasi na mdomo wangu. Mtaani wanamwita Fundi Wino. Mimi naitwa Dada wa Fundi, kana kwamba sikuzaliwa na jina. Nimezoea, huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Tunachapa vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda, karatasi za kubandika kwenye chupa za asali. Kompyuta ipo kwa kazi za haraka, lakini kadi ndogo kaka huzichapa kwa mashine ya zamani ya chuma, ile ya kulisha karatasi moja moja kwa mkono. Herufi ni za madini ya risasi. Anazipanga kinyumenyume ndani ya fremu, moja baada ya moja, ukimwangalia utadhani anachambua mchele. Anazijua kwa kidole. Kuna A moja kubwa iliyomeguka mguu ambayo mtu mwingine angeshaitupa, yeye anaitunza kwa sababu ya ukubwa ule hatuna nyingine.

Nimeshasema mazuri yake, sasa niseme na mengine. Kaka yangu alikuwa mlevi. Sisemi alipenda kinywaji, wala sisemi alizidisha kidogo wikiendi. Maneno hayo niliyasema miaka sita na yamenichosha. Alianza kunywa jioni, akahamia mchana, mwishowe akawa na chupa yake nyuma ya makopo ya wino akidhani mimi sijui. Sijui nani alifikiri anafagia kile chumba. Wifi yangu alivumilia mpaka akachoka, akawachukua watoto wote wawili wakaenda kukaa kwa dada yake. Hakugombana na mtu. Alikunja nguo, akafunga mabegi, akanikumbatia mimi pale mlangoni kwa muda mrefu, akaondoka.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kumfichia. Mteja akija kazi yake haijaisha, namwambia fundi anaumwa. Akija na malalamiko, simpi nafasi hata ya kufungua mdomo: fundi anaumwa, njoo wiki ijayo. Kwa maneno yangu mimi, kaka yangu aliugua malaria kuliko mji mzima. Nilijiambia huo ni upendo. Nilimpenda kweli, hilo silikani, lakini sasa naona nilikuwa namwashia moto na kuupepea.

Mambo yaligeuka Jumanne moja asubuhi. Mashine yetu ina mataya mawili ya chuma yanayofunguka na kufunga. Yakifunguka, mkono wa kulia unaweka kadi mpya, wa kushoto unatoa iliyochapwa, kisha mikono yote inatoka kabla hayajafunga. Kaka ameifanya kazi hiyo tangu hajaota ndevu. Asubuhi ile niliingia nyuma kumuuliza habari ya karatasi za bluu, nikamkuta amesimama anatazama ukutani, na mkono wake wa kulia umelala ndani ya mashine kama umesahauliwa na mwenyewe. Mataya yanakuja. Nilirukia mkono wa breki nikaning'inia kwa uzito wangu wote, na Mungu aliniumba na uzito wa kutosha. Mashine ikasimama. Kati ya chuma na vidole vyake pangepita ukucha tu.

Alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya karatasi. Alikuwa ananuka pombe saa mbili za asubuhi. Nilikuwa na matusi yamenijaa kinywani, nimeyaandaa kwa miaka, lakini alipoinua uso niliyameza yote.

"Mdogo wangu," akasema, "nipeleke mahali."

"Mahali gani?"

"Sijui. Mahali popote watu wanapopelekwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka droo. Sisi wachapaji huwa tunaweka nakala moja ya kila kazi, ili mteja akirudi miaka mitatu baadaye na kusema anataka ile ile, tusitoleane macho. Nilipekua mpaka nikaipata. Kadi ndogo ya kijani tuliyomchapia mwalimu mmoja mstaafu miezi saba iliyopita, nakala mia mbili: Kikundi cha Wanaoacha Pombe. Kila Alhamisi, saa kumi jioni. Ukumbi wa juu, duka la rangi, panda ngazi za nje. Njoo kama ulivyo. Kaka mwenyewe ndiye aliyeichapa, na bila shaka aliichapa amelewa. Tuliitazama wote wawili, tukaona aibu, kisha tukacheka kidogo.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini sikiliza. Mara moja tu. Nikifika nikakuta hamna kitu, usinisemeshe tena habari hizi maisha yako yote."

Wengine wakisema hivyo unajua ni maneno. Kaka yangu si hivyo. Alipokuwa na miaka tisa alianguka na baiskeli mara moja, na mpaka leo ana miaka arobaini na saba hajawahi kugusa baiskeli nyingine. Kwa hiyo nilielewa kwamba tuna Alhamisi moja mkononi, na kwamba ikiharibika hiyo, nitamzika kaka yangu na mimi ndiye nitakayechapa kadi za shukrani.

Jumatano hakunywa. Alitetemeka siku nzima, akatapika, akanywa maji, akatapika na maji. Alhamisi alioga mara mbili akavaa shati jeupe. Nilipochukua mkoba wangu aliniuliza nakwenda wapi.

"Nakusindikiza."

"Mimi mtoto wa chekechea? Kaa dukani."

Nikasema sawa. Nikahesabu mpaka mia, nikafunga duka, nikamfuata.

Duka la rangi liko kwenye barabara pana, na ngazi zake za zege zimepanda ubavuni mwa jengo mpaka kwenye mlango wa chuma juu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu mwenye benchi, na pembeni ya fundi viatu, watu hawana huruma, kuna baa yenye viti vyekundu vya plastiki vilivyopangwa nje. Nilikaa kwenye benchi la fundi viatu nikavua kiatu cha kulia.

"Kina nini?" akaniuliza.

"Angalia soli."

Akakigeuza, akakikunja. "Soli nzima hii, dada."

"Angalia tena," nikamwambia, na macho yangu yako ng'ambo.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kaka alikuwa amewahi nusu saa nzima, mtu ambaye kuamkia kazini tu ilikuwa ugomvi. Alipanda ngazi polepole akishika ukuta. Alifika juu. Nikamwona ananyoosha mkono mlangoni, anaurudisha. Anausukuma mlango. Kisha akainama kutazama kitu, na hata mimi nikakiona kikimeta kwenye jua: kufuli, tena kubwa.

Nikajipa moyo kwamba bado mapema. Saa kumi ikapita kwa dakika kumi, hakuna aliyekuja. Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, magoti pamoja, kadi mkononi, anaisoma, anautazama mlango, anaisoma tena. Akatoka mwenye duka la rangi kumwaga maji, kaka akamuuliza kitu kutoka kule juu, yule mtu akatikisa kichwa. Kufumba na kufumbua kaka yangu akaanza kuteremka.

Alivuka barabara bila kutazama magari. Hakuniona, kwa sababu alikuwa haoni chochote isipokuwa vile viti. Alikwenda moja kwa moja akashika mgongo wa kiti kimoja chekundu, lakini hakukaa. Alisimama tu amekishika. Nikasimama na mguu mmoja peku. Nilitaka kumwita nikajizuia, maana nilimwahidi kukaa dukani, na niliona nikimwita atajua nimemfuata na hasira itamkalisha pale. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, hata siku mama alipofariki.

"Baba! We baba mwenye kadi ya kijani!"

Sauti ilitoka ng'ambo. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, ana chupa kubwa ya chai kwapani, anahema kwa mwendo.

"Usikae hapo! Viti vyetu viko huku! Samahani, mwanangu, leo nimechelewa mimi!"

Kaka akatazama kadi yake, akamtazama mama, akatazama kiti. Kisha akakiachia kiti. Alivuka barabara kurudi, safari hii akitazama magari, na mimi nikavuka nyuma yake nikichechemea na kiatu kimoja, fundi viatu ananiita, "Dada, kiatu!"

Kaka akageuka akaniona. Hakuniuliza kwa nini nimemfuata. Alitazama mguu wangu mtupu, akatikisa kichwa, akanishika mkono tukapanda.

Yule mama alikuwa mkunga mstaafu. Nyuma yake alikuja kijana wa kuchomelea vyuma, miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso, kisha karani mmoja mwenye tai. Hawakufungua mlango. Walikaa kwenye ngazi, kila mtu na ngazi yake kama abiria wenye tiketi, mkunga akamimina chai kwenye vikombe vya plastiki.

"Shikamoo mama," kaka akasema. "Hatuingii ndani?"

"Marahaba. Ufunguo hatuna," mkunga akasema. "Kikundi chenyewe hukaa Jumatatu. Hiyo kadi ndiyo iliyokosea siku."

Akaeleza kwa utulivu, inaonekana ameeleza mara nyingi. Miezi sita iliyopita alikuja na kadi hiyo, akakuta kufuli, akageuka kuondoka, akakutana na huyu kijana wa kuchomelea naye na kadi yake. Wakakaa wakapiga soga. Baadaye waliambiwa siku ya kweli, wakaenda Jumatatu, wakapokelewa vizuri tu. Lakini Alhamisi iliyofuata mkunga alikosa raha nyumbani. Aliwaza kadi mia mbili zimesambazwa zahanati na kwenye maduka ya dawa, na kila mwenye kadi atafika hapa siku hii, saa hii, akute mlango umefungwa.

"Na mtu wa namna yetu," akasema, "akikuta mlango umefungwa mara moja, ndiyo basi. Kwa hiyo tunakaa. Tumeshapokea watu kumi na moja hapa. Wewe wa kumi na mbili."

Nilitaka kumbusu miguu yule mama. Lakini nilipomtazama kaka, nikaona uso umemshuka. Alikuwa ameishika kadi karibu na pua, anapapasa mstari wa siku kwa kidole gumba. Nikajua anachokiona kabla hajaninyooshea. Ile A ya Alhamisi ilikuwa na mguu uliomeguka.

Nikakumbuka yote kwa mara moja, na yeye pia. Kabla ya kadi ya mwalimu tulichapa kadi ya darasa la kufuma sweta, Alhamisi saa kumi. Kaka hafumui fremu nzima kila kazi ikiisha. Hubadilisha mistari inayobadilika na kuacha mingine isimame, ndiyo kazi ilivyo, inaokoa nusu siku. Alibadilisha jina, akabadilisha mahali, akasahau siku. Kisha akaniletea nakala ya kwanza niisome, na mimi nikaipitisha. Husoma majina, mimi. Watu hugombania majina. Siku sikuisoma.

Nikamfinya paja. Namjua, na alijua maana yake: nyamaza. Ndiyo kwanza wamekupokea, unataka wakufukuze? Akautoa mkono wangu taratibu.

"Kadi hii nimeichapa mimi," akasema.

Karani akaweka kikombe chini.

"Siku niliikosea mimi. Nilikuwa nimelewa. Sikumbuki nimeichapa lini. Nilikuwa nimelewa." Alirudia kama anajaribu neno geni mdomoni, na kweli lilikuwa geni, sijawahi kumsikia akilitamka kuhusu yeye mwenyewe. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

Karani akasema polepole, "Mwalimu alikwenda huko kwa mchapaji mara mbili kumwambia. Aliambiwa na dada mmoja pale kwamba fundi anaumwa."

Basi ikanifika na mimi. Nilimkumbuka mwalimu, mrefu, mpole, kofia mkononi, kadi mkononi. Sikumpa nafasi.

"Huyo dada ni mimi," nikasema. "Sinywi. Mimi nasema uongo kwa ajili yake, na nimebobea."

Mkunga akanisogezea kikombe. Nilidhani yameisha, tutalia pamoja na tutacheka. Lakini kijana wa kuchomelea alikuwa amesimama.

"Kabla sijakutana na mama hapa," akamwambia kaka, "nilikuja Alhamisi nyingine, peke yangu. Niliugonga huo mlango mpaka mkono ukaniuma. Nikavuka barabara, nikakaa kwenye kiti kile kile ulichokishika wewe leo. Nilikunywa siku tisa. Siku ya saba mke wangu alijifungua. Mtoto wa kwanza. Alikwenda hospitali kwa miguu na jirani. Mwanangu alizaliwa saa ngapi, alilia vipi, mimi naambiwa tu."

Kaka hakujitetea. Mimi nilikuwa na utetezi tayari, kwamba glasi hakunyweshwa na mtu, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa kimya bila kuambiwa.

"Nisamehe," kaka akasema.

Kijana akatikisa kichwa. "Leo sina," akasema. "Msamaha leo sina, nisikudanganye. Njoo wiki ijayo. Labda nitakuwa nao."

Akakaa tena, ngazi mbili chini yetu, akageukia barabara. Mkunga akamuuliza kaka amekaa siku ngapi bila kunywa, kaka akasema moja na nusu, wakampigia makofi na wenye duka la rangi wakachungulia kujua kuna nini.

Tulipokuwa tunarudi, mimi na viatu viwili, sikuthubutu kumuuliza chochote. Alikuwa amesema mara moja, na mara moja ilikuwa imekwisha. Tulipofika mlangoni pa duka ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Itabidi niende tena. Yule kijana ana jibu langu."

Kesho yake asubuhi alipanga kadi mpya. Herufi zilimdondoka, akaziokota na kuzianza upya. Kazi ya dakika ishirini ilimchukua mpaka adhuhuri. Alifumua fremu yote, hakuacha hata nukta ya zamani. Aliponiletea nakala ya kwanza niliisoma kwa sauti, jina, mahali, saa, na siku nikaisoma mara tatu: Jumatatu na Alhamisi. Nilimpelekea mwalimu nyumbani kwake mimi mwenyewe, nikamwomba radhi, naye akanikaribisha maji akasema alishasahau. Hakuwa amesahau, ni adabu tu.

Alhamisi ya pili kaka alikwenda. Kijana wa kuchomelea alimtazama akasema, "Bado." Ya tatu, bado. Ya nne alikuja amechelewa na kazi, akapanda ngazi anakimbia, akasema "Bado" hata hajakaa, na karani akapaliwa na chai kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilimwona kijana yule ana roho ngumu kama vyuma vyake. Mtu ameomba msamaha mara ngapi? Nilimwambia kaka siku moja, akaniambia niache, kijana ana haki yake. Jumapili watoto walianza kuja kumwona kaka, wifi akiwaleta mpaka mlangoni, anasalimia, anaondoka. Wiki ya saba wifi alikaa akanywa maji.

Wiki ya tisa kaka alianguka. Hakukuwa na sababu, msinitafutie sababu. Jumanne alitoka kununua gundi, akarudi usiku bila gundi. Jumatano alikunywa mchana kutwa. Alhamisi saa tisa alikuwa amelala chumba cha nyuma juu ya maboksi ya karatasi, amegeukia ukuta, na mimi nimekaa kaunta nimeshika tama, nikitazama saa ya ukutani inavyosogea. Aliniambia hatakwenda. Alisema hawezi kupanda zile ngazi ananuka, mbele ya yule mama.

Mlango ukafunguka. Alikuwa kijana wa kuchomelea na miwani yake kichwani. Hajawahi kufika kwetu.

"Shikamoo dada. Fundi yupo?"

Nilifungua mdomo na neno likaja lenyewe, limezoea njia. Fundi anaumwa. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nililirudisha nikalimeza, na niseme ukweli, lilikuwa chungu.

"Kalewa," nikasema. "Tangu juzi. Yuko nyuma."

Alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mteja. Akapita kaunta akaingia. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alivuta boksi la karatasi akakaa karibu na kichwa cha kaka, mikono juu ya magoti, ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko.

"Fundi."

Kaka hakugeuka. "Ondoka, mdogo wangu. Nanuka."

"Nasikia harufu. Mimi mwenyewe nimenuka zaidi ya hapo." Akaivua miwani kichwani. "Nimekuja kwa sababu jibu lako ninalo leo."

Mgongo wa kaka ukatulia. Akageuka, macho mekundu, alama ya boksi shavuni.

"Nipe basi."

"Silitoi hapa. Linatolewa kwenye ngazi."

Nilimwosha kaka uso kwa maji ya baridi kwenye sinki la kuoshea roleri za wino. Shati safi halikuwepo, akavaa la kazi. Tulitembea watatu, kijana akimshika mkono huu na mimi mkono ule, watu wa mtaa wakitazama. Kwa miaka sita nilikuwa nawaogopa watu hao. Nikawasalimia, wakaitikia, ikawa imeisha.

Mkunga alipotuona alisogea, akapiga zege kwa kiganja, kaka akakaa pale pale ubavuni mwake, na akamimina chai kama kawaida. Karani alikuwepo. Alikuwepo na mama mmoja mgeni, kadi ya kijani ya zamani mkononi, anatazama kila mtu kwa woga.

Kaka alishika kikombe kwa mikono miwili. Akamtazama kijana wa kuchomelea, ambaye alikuwa amekaa ngazi yake ya siku zote, mbili chini.

"Nimefika," kaka akasema. "Sema."

Kijana aligeuka akamtazama vizuri, shati la kazi, macho, mikono, hana haraka. Kisha akapanda ile ngazi moja, akapanda na ya pili, akakaa karibu naye bega kwa bega.

"Bado," akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikafungua mdomo nimtoe nishai, na hapo nikamwona kaka. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, mabega yanamtikisika, anacheka kweli kweli, kicheko cha zamani, kile alichokuwa nacho kabla ya yote haya, ambacho nilikuwa nimesahau kinafananaje. Kijana naye alikuwa amebana midomo, imemshinda. Amemwekea mkono mgongoni na hautoi.

Kaka alijifuta uso kwa mkono wa shati, ukamwachia wino shavuni.

"Haya," akasema. "Alhamisi ijayo."